Ya kunywa au ya kuonyesha?

Muuza duka alikuwa amepanda juu ya kigoda, mkono mmoja kashika rafu, mwingine umesimama katikati ya chupa mbili. Duka lenyewe ni la vinywaji, Mtwara mjini, mwendo mfupi kutoka sokoni. Nilikuwa nimemwambia nataka wiski ya Uskoti, iliyo nzuri, na kwamba mfuko wangu unaishia elfu hamsini.

"Ya kunywa au ya kuonyesha, kaka?"

Hakuwa anatania. Alihitaji jibu ili mkono ujue uende wapi. Kushoto kwake kulikuwa na chupa isiyo na boksi, mabega yameshika vumbi. Kulia kulikuwa na boksi lililofutwa vizuri, limegeuzwa uso kwa wateja, na ndani yake wiski ya bei karibu mara mbili ya niliyoitaja.

Nikamwambia nitapita kesho. Nikapanda bajaji hadi Chuno, mikono mitupu.

Tangu siku hiyo swali lile limekaa nami. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelisafirisha hadi Newala na kurudi. Leo naliandika.

## Chupa ya mjomba

Mdogo wangu wa kike anaolewa Desemba. Kikao kikubwa na wakwe kitafanyika Newala, uani kwa mjomba, na ninyi wa kusini mnajua mjomba anakaa kiti gani siku kama hiyo. Kazi tuligawana kwa simu. Kaka mkubwa alichukua mbuzi. Shangazi akachukua mchele na viungo. Soda, juisi na maji vilipata mtu mapema, maana zaidi ya nusu ya watakaokaa pale hawagusi pombe, na hao ndio wanaohudumiwa kwanza.

Mimi nikaambiwa: "Wewe, chupa ya mjomba."

Hakuna aliyetaja jina la chupa. Hakuna aliyetaja bei.

Ukiambiwa ulete mbuzi, mbuzi anajulikana. Ukiambiwa ulete chupa ya mjomba, umeambiwa uipime heshima ya mtu aliyekulipia ada ya sekondari. Ukileta ndogo, umempunja mbele ya wakwe. Ukileta ya bei kali kwa pesa ya kukopa, naye akajua, umemtia simanzi. Mjomba wangu ni mtu wa kujua.

Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu: chupa ya bei yangu ambayo ningeweza kuitetea kwa ulimi wangu, si kwa maneno ya muuzaji.

## "Si ndiyo kuchakachua huko?"

Rafiki yangu mmoja tuliyekuwa tumekaa naye kwenye grosari alinivunja moyo kwa sentensi moja. "Hizo za bei yako zote ni za kuchanganywa," alisema. "Wanachukua nzuri, wanatia nyepesi. Si ndiyo kuchakachua huko?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta.

Wiski ya Uskoti ina mizizi miwili. Upande mmoja kuna wiski ya kimea: shayiri inaoteshwa, inakaushwa, inachachushwa, halafu inapikwa kwa mafungu kwenye mitungi mikubwa ya shaba. Hiyo ni nzito, ina tabia, na kila kiwanda kina yake. Upande wa pili kuna wiski ya nafaka: ngano au mahindi, pamoja na kimea kidogo, vinapikwa mfululizo kwenye mnara mrefu bila kusimama. Mtambo wa namna hiyo ulipewa hataza mwaka 1830, mwenyewe akiwa Aeneas Coffey, Mwairishi aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru. Kinachotoka humo ni chepesi, ni kingi, na hakigharimu sana kukitengeneza.

Ukizikutanisha hizo mbili unapata wiski ya kuchanganywa. Mara nyingi zaidi ya nusu ya chupa ni ya nafaka. Hapo ndipo unafuu wa bei unapoanzia.

Kule Edinburgh, Andrew Usher alianza mwaka 1853 kuuza mchanganyiko wa wiski za kimea za umri tofauti. Mwaka 1860 sheria ikaruhusu kimea na nafaka vichanganywe ghalani, kabla ushuru haujalipwa, na biashara ikafunguka. David Livingstone, Mskoti, alishuka Mikindani mwaka 1866. Nimepita mara nyingi mbele ya ile nyumba yenye kibao cha jina lake, na sikuwahi kuwaza kwamba siku alipokanyaga ufukwe wetu, kinywaji hiki ambacho leo kimejaa kwenye kaunta za dunia kilikuwa bado kitoto cha miaka sita mbele ya sheria. Kilichokikuza ni msiba wa wengine. Kuanzia miaka hiyo ya 1860 mdudu wa filoksera alianza kuiteketeza mizabibu ya Ufaransa, brandi ikaadimika, na wanywaji wa Uingereza wakahamia kwenye wiski.

Na lile swali la rafiki yangu? Liliwahi kufika mahakamani. Mwaka 1905 halmashauri ya Islington, London, iliwashtaki wauza pombe kwa kuuza mchanganyiko wenye wiski ya nafaka kwa jina la wiski, na hukumu ya mwanzo ikawaendea vibaya. Ikabidi iundwe Tume ya Kifalme. Mwaka 1909 tume hiyo ikatoa jibu: ya nafaka ni wiski, na mchanganyiko ni wiski.

Tume ilinisaidia kidogo. Kilichonigeuza hasa ni kuielewa kazi ya mchanganyaji. Mapipa hayafanani. Mwaka huu kiwanda fulani kinatoa moshi mwingi, mwaka ujao mchache. Pipa hili limenyonya mbao vizuri, lile limechoka. Mnywaji wa Mtwara na mnywaji wa Dodoma wanatarajia ladha ileile ya mwaka jana. Ni kama mpishi wa pilau ya harusi anayeletewa mchele wa magunia tofauti kila Jumamosi, na kila Jumamosi wageni wanasema pilau ya mama fulani haijabadilika. Hakuna anayemwambia mpishi yule kwamba amechakachua mchele.

Kuchakachua ni kuficha. Kazi hii imeandikwa wazi kwenye lebo.

## Vitu nilivyoacha kuviamini

Rangi. Watu wengi huinua chupa kwenye mwanga na kusema hii imeiva zaidi. Sheria ya Uskoti ya mwaka 2009 inaruhusu kitu kimoja tu kiongezwe mbali na maji, nacho ni rangi ya karameli, ile ya sukari iliyounguzwa. Chupa nyeusi inaweza kuwa changa kuliko chupa nyeupe. Rangi haikuambii lolote.

Picha ya mlima, paa mwenye pembe, sketi za Kiskoti. Hizo yeyote anaweza kuzichora. Kwenye rafu zetu kuna chupa zenye majina ya kizungu na picha za ngome ambazo ndani yake ni pombe kali ya kawaida iliyotiwa rangi na harufu, na lebo haidanganyi ukiisoma: haisemi popote kwamba ni "Scotch Whisky". Maneno hayo mawili yana uzito wa sheria. Maana yake ni kwamba kinywaji kilipikwa Uskoti, kikakaa hukohuko kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, na kikaingia kwenye chupa kikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Kwa kulinganisha, Konyagi yetu ni asilimia 35. Kwa hiyo hata mchanganyiko wa bei ya chini kabisa wenye maneno hayo umevumilia miaka mitatu ndani ya mbao. Nilipolielewa hilo, dharau yangu kwa chupa ya vumbi ilipungua sana.

Umri. Hapa nilikaa muda mrefu zaidi, kwa sababu umri una ukweli ndani yake. Chupa ikiandikwa 12, maana yake tone changa kuliko yote lililomo lina miaka 12. Mengine ni makubwa zaidi. Na miaka hiyo ina gharama halisi. Hata kwenye baridi ya Uskoti, pipa hupoteza kwa mvuke karibu asilimia 2 kwa mwaka. Piga hesabu: kwa miaka 12 zaidi ya moja ya tano imekwenda hewani, na pipa limekalia nafasi ya ghala muda wote huo. Anayelipa ya miaka 12 hajaibiwa.

Swali ni kama anakionja alichokilipia.

## Jioni ya Chuno

Nilinunua chupa ndogo, vile vibapa, ili nisijifunge. Johnnie Walker Red Label. Grant's. Johnnie Walker Black Label ya miaka 12, niliyoichukua kama fimbo ya kupimia. Na moja nyingine nyepesi ya bei ya chini zaidi, ambayo sitaitaja jina kwa sababu sikuelewana nayo na huenda tatizo ni ulimi wangu.

Mke wangu alimimina jikoni na kubandika karatasi chini ya kila glasi. Mimi nilikuwa barazani. Glasi zilikuwa zile za mvinyo, kwa kuwa mdomo wake ni mwembamba kuliko tumbo na harufu haikimbii.

Kwanza kavukavu, bila maji wala barafu, kama wanavyosema wajuzi.

Ilikuwa jioni ya joto, ile ambayo shati linashika mgongo hata baada ya kuoga. Niliinua glasi ya kwanza, nikaingiza pua, na kitu pekee kilichokuja ni kilevi, kikali, kikichoma juu ya pua hadi macho yakalowa. Glasi ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na moshi na zabibu kavu nyuma ya ule ukali, na nikaandika "hii ndiyo". Ilikuwa Black Label. Ningekuwa mwandishi wa kupenda miujiza ningeandika kwamba ya bei nafuu ilishinda gizani. Haikushinda. Kavukavu, ya miaka 12 ilikuwa mbele, na yeyote mwenye pua angeona.

Niliweka kalamu chini na nikahisi kwamba muuza duka amenishinda.

Kisha nikawaza: nani uani kwa mjomba atakunywa hivi?

Hakuna. Sijawahi kumwona mtu mzima wa kwetu akinywa wiski kavu kwenye joto la Novemba au Desemba. Watu hutia maji. Hutia barafu ikipatikana. Hutia Stoney Tangawizi, na mimi siwezi kuwalaumu, maana tangawizi na wiski yenye moshi ni ndugu. Nilikuwa naipima wiski kwa namna ambayo hakuna mtu wa hapa anainywa.

## Nusu maji

Kuna jambo nilikutana nalo kwenye kusoma kwangu nikalirudia mara kadhaa ili niwe na hakika. Wachanganyaji wa Uskoti, wale ambao ajira yao ni pua, kwa kawaida hawaipimi wiski ikiwa na nguvu zake zote. Huishusha kwa maji hadi karibu asilimia 20, halafu wanainusa zaidi kuliko wanavyoionja. Sababu ni hiyohiyo iliyonitoa machozi barazani: kilevi kingi huifunga pua, maji huifungua.

Chupa ya asilimia 40, ukitia maji sawa na wiski yenyewe, unapata asilimia 20.

Yaani mjomba, anayetia maji nusu kwa nusu bila kumwuliza mtu, anaipokea wiski pale ambapo mchanganyaji mwenyewe huihukumu.

Sikusubiri. Nikaongeza maji ya chupa kwenye kila glasi, kijiko kwa kijiko, hadi yakalingana. Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo na yangeharibu kila kitu. Nikitumia hayo, ningekuwa nahukumu kisima.

Glasi zikabadilika mbele yangu. Red Label, ambayo kavu ilikuwa pilipili tupu, ilitulia na moshi wake ukapanda juu, mwembamba lakini wa kweli. Moshi huo unatokana na mboji, udongo wa mimea iliyooza kwenye maeneo ya maji, ambao Waskoti huukausha na kuuchoma chini ya shayiri inayokauka. Grant's ilinishangaza zaidi. Kavu ilikuwa tamu na ya kuchoma. Kwa maji ilitoa vanila, kisha kitu kama tufaha lililoanza kulainika, na utamu wake ukakaa ulimini bila kudai sukari. Vanila hiyo ni kazi ya mbao. Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon ikae kwenye mapipa mapya yaliyounguzwa, kwa hiyo mapipa yaliyokwishatumika huko huuzwa, na mengi huishia Uskoti yakiwa bado na utamu wa kutoa.

Black Label ilibaki nzuri. Lakini ule umbali kati yake na nyingine, uliokuwa mkubwa kavukavu, ulikuwa umepungua kiasi kwamba ilinibidi nirudie glasi kuutafuta. Ile nyepesi nisiyoitaja ilikufa. Ilibaki maji yenye rangi.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na sijakiacha: wiski ya kunywewa Mtwara ipimwe ikiwa imetiwa maji nusu. Ikisimama hapo, ni nzuri. Ikianguka hapo, hata ikiwa na boksi la dhahabu haina kazi kwetu.

Nilijaribu na tangawizi pia. Hapa Red Label ilikuwa mbele ya zote, na ndivyo inavyopaswa kuwa, imetengenezwa ikitarajiwa kuchanganywa na vinywaji vingine. Black Label ndani ya tangawizi ni pesa inayopotea. Kisha maji ya dafu, yaliyopozwa, kiasi kidogo. Na Red Label yalipigana. Na Grant's yalikaa vizuri mno, ile chumvi ndogo ya dafu ikiivuta vanila mbele, na mke wangu, ambaye hapendi pombe kali, alionja na kusema hii angeimaliza.

## Uani Newala

Mwisho wa wiki nilipanda hadi Newala, kupitia Nanyamba na Tandahimba. Mikorosho ilikuwa imezaa, na chini ya miti mabibo yaliyokanyagwa yalikuwa yanachacha yenyewe, harufu inayoingia kwenye gari hata vioo vikifungwa. Nilibeba vibapa vilivyobaki ndani ya karatasi za kaki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umekuja na habari au umekuja na njaa?"

Usiku kule kwenye uwanda wa Makonde upepo unapita, na mtu anaweza kuhitaji shuka. Nilimimina Grant's kavu kwenye kikombe, kidogo, nikanusa kabla sijampa. Nilidhani nimekosea chupa. Ukali uliokuwa unachoma pale Chuno haukuwepo nusu yake. Ile tufaha ilikuwa inasikika bila tone la maji. Wiski ileile, kibapa kilekile. Jioni ikiwa na ubaridi, kilevi hakipandi kwa fujo kutoka kwenye glasi, na vingine vinapata nafasi ya kusikika. Fikiria sasa wanaoandika kwamba wiski inywewe kwa joto la chumba. Wanaandika kwa vyumba vya kwao. Chumba changu mwezi wa Novemba hakifanani na chumba cha Edinburgh, na barafu moja ndani ya glasi ya Mtwara ni kuirudisha tu wiski pale ilipozoea kuwa.

Mjomba hakunywa mara moja. Alidondoshea wiski kidogo kwenye kiganja, akasugua viganja viwili mpaka vikakauka, akavileta puani akafumba macho. Sikumfundisha mtu yule. Kwenye ujana wake aliijua uraka ya mabibo tangu inapokamuliwa, na aliwajua waliokuwa wakienda mbele zaidi na kupika gongo, ambayo sheria imeikataza na ambayo yeye mwenyewe aliiacha baada ya kuzika rafiki. Kinachokaa kiganjani kilevi kikishakimbia ndicho kilichomo, aliniambia. Kama hakibaki kitu, ulikuwa unanunua ukali.

Alinusa tena.

"Hii ilikaa," alisema. "Haikukimbizwa."

Miaka mitatu ya sheria, mapipa ya mwaloni, mchanganyaji na pua yake, vyote mjomba alivifupisha hivyo. Nikamwonjesha na Black Label. Akaipenda zaidi. Hakuficha. Akauliza bei ya kila moja, nikamwambia, akanyamaza kidogo akihesabu.

"Ya kwako ile ni mbili kwa moja."

"Ndiyo, karibu hivyo."

"Wazee watakaokunywa siku hiyo ni wangapi?"

Tukawahesabu kwa majina. Chupa moja isingezunguka.

## Kuonyesha nako ni kazi

Hapa ndipo nilipokwama tena, kwa sababu hesabu ilikuwa imekwisha lakini moyo haujatulia. Nilikuwa nimeanza kumdharau kimoyomoyo yule anayenunua ya kuonyesha. Muuza duka aliwahi kuniambia, nilipomrudia kununua vibapa, kwamba pesa ya korosho ikiingia, zenye maboksi ndizo zinazotoka. Niliona ni ufahari mtupu.

Lakini heshima isiyoonekana, kwenye kikao cha wakwe, itajulikanaje? Mkeka mpya hutandikwa ili uonekane. Shangazi atavaa khanga ambayo haijafuliwa hata mara moja. Hakuna anayeuliza kama khanga hiyo inaziba jua vizuri kuliko ya mwaka jana. Familia ya mwanamume inakuja kuangalia kama binti wanayemchukua ana watu, na watu huonekana kwa vitu. Anayenunua boksi anajua jambo hilo, na siwezi kusimama mbele yake nikamwambia kwamba moshi wa mboji una maana kuliko uso wa mjomba wake.

Nilimweleza mjomba haya yote, na swali la muuza duka nikamwambia.

Alifikiri. Kisha akasema boksi hutupwa pembeni dakika ileile, na watoto hulichukua. Kinachoangaliwa na wazee ni kizibo. Chupa ikiletwa imefungwa, ikawekwa mbele ya mkwe mkubwa, naye akashika shingo yake, akaivunja lakiri kwa mkono wake mwenyewe kila mtu akisikia, hapo mgeni ameheshimiwa: amepewa kitu ambacho hakuna aliyetangulia kukigusa. Chupa ya bei mbaya iliyofunguliwa ndani na kuletwa nusu, alisema, ni tusi.

Sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa naweka kunywa huku na kuonyesha kule, na kazi yangu nikadhani ni kuchagua upande. Kumbe kwa mjomba kinachoonyeshwa ni uaminifu wa kile kitakachonywewa.

## Kizibo, stempu, chupa tupu

Ndiyo maana nusu ya pili ya uchunguzi wangu ilihamia kwenye jambo ambalo wapenda wiski wengi hawaliandiki, na ambalo kwetu lina uzito kuliko moshi na vanila. Chupa tupu za wiski za majina makubwa zina soko. Kuna wanaozikusanya, na si wote wanaozipeleka kuyeyushwa.

Kwa hiyo nashika kizibo kabla ya kushika pochi. Pete ya chini iwe haijakatika, isizunguke pamoja na kizibo. Naigeuza chupa kichwa chini nione kama inavuja. Chupa iliyojazwa upya mara nyingi hujilowesha shingoni. Natafuta stempu ya kodi ya TRA, ambayo kwa pombe kali imekuwa ya kielektroniki tangu mwaka 2019, na naisoma kwa programu ya simu ya Hakiki Stempu hapohapo mbele ya muuzaji. Muuzaji mwema hanuni. Wa kwangu alishuka kwenye kigoda akanishikia chupa kwenye mwanga ili kamera isome. Nitaendelea kununua kwake kwa sababu hiyo tu, na bei yake inayozidi kidogo ya jirani nailipa bila kinyongo.

Chupa ikiisha naing'oa lebo na kukiponda kizibo kabla haijatoka nyumbani. Nawaomba na ninyi mfanye hivyo. Pombe ya kuchezewa imeshaua watu, na chupa yako tupu yenye lebo safi ni nusu ya kazi ya mwovu.

Usinunue pia chupa iliyokaa dirishani juani, hata kama kila kitu kingine ni sawa. Jua na joto huichosha wiski ndani ya chupa. Ile yenye vumbi, ndani kabisa ya rafu, mahali penye kivuli, ndiyo niliyoichukua.

## Orodha ya Desemba

Nimeamua. Chupa mbili za Grant's, bila maboksi, vizibo vizima. Moja itavunjwa lakiri na mkwe mkubwa, ya pili itasubiri na isipohitajika itabaki kwa mjomba. Red Label ndogo moja kwa ajili ya vijana wa tangawizi, pamoja na kreti ya Stoney. Maji ya chupa ya kutosha, na hayo nitayapigania, maana najua mtu atataka kuchota kisimani. Madafu ataleta binamu yangu kutoka Msangamkuu. Madereva wawili wamekubali kutogusa chochote hadi watu wote wawe wamefika makwao, na majina yao ameandika shangazi, kwa hiyo hilo limekwisha.

Barafu ndiyo bado. Newala haiihitaji, lakini wakwe wanatoka Lindi mjini, na wao wamezoea glasi inayolia. Nitabeba ndoo ya plastiki yenye kifuniko, niijaze Tandahimba nikipita.